Naomba ushauri: Linux yangu inabishiwa hodi usiku kucha

Wakuu, naombeni msaada. Kompyuta yangu ya nyumbani inatumia Ubuntu (aina ya Linux), na wiki iliyopita nilifungua SSH (njia ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali) kwenye ruta ili niifikie nikiwa safarini. Jana nikachungulia /var/log/auth.log, faili la kumbukumbu za wanaojaribu kuingia: mistari kwa mamia, watu nisiowajua wanabahatisha nywila ya root, ile akaunti kuu! Walioingia ni mimi tu, lakini mwizi akishaingia si anaweza kufuta nyayo?

Nimeshawasha ufw (firewall ya Ubuntu) na kumzuia root asiingie kwa SSH. Sasa nikihamia funguo za SSH (faili za siri za kuingilia badala ya nywila) na kuzima nywila kabisa, fail2ban, ile programu ya kufungia wanaokosea kuingia mara nyingi, bado ina kazi? Au nifunge poti 22 (mlango wa SSH) nitumie VPN ya WireGuard? ClamAV nayo, ile antivirus, ina maana kwa mtu asiyepeana mafaili na watu wa Windows?