Tableti inasema "Muunganisho wako si wa faragha" na bando lipo, tatizo nini?

MamaStesheni:
Wakuu, habari za jioni. Nina stesheni, duka la vifaa vya kuandikia, hapa Mbagala Rangi Tatu. Mwezi uliopita nilinunua tableti iliyotumika, Kariakoo, ili wateja wajazie fomu. Tovuti nyingine zinafunguka vizuri, nyingine inakuja alama nyekundu na maneno kwamba wavamizi huenda wanataka kuiba nywila na kadi za benki. Jana mama mmoja aliyekuja kumjazia mwanawe fomu ya chuo aliyasoma, akabeba faili lake la kijani akaondoka. Nikamgombeza kijana wangu wa dukani, nikiamini kapakua vitu vya ajabu. Anaapa hajagusa. Simu yangu kwa bando hilohilo inafungua. Tumeingiliwa?

FundiTemeke:
Pole dada. Kijana mwache kwanza. Chini ya onyo kuna herufi ndogo za kijivu zinazoanza na NET::ERR. Ugonjwa umeandikwa pale. Zinasemaje? Na Android ni toleo la ngapi?

Babu wa Buguruni:
Tazama na tarehe, mwanangu. Tableti ikirudi nyuma miaka, kila cheti, yaani kitambulisho cha tovuti, inakiona hakijaanza kazi.

MamaStesheni:
Shikamoo babu, tarehe iko sawa. NET::ERR_CERT_AUTHORITY_INVALID. Android 6.0.1.

FundiTemeke:
Basi hujaingiliwa, ni uzee wa tableti. Tovuti nyingi hutumia vyeti vya bure vya shirika la Let's Encrypt. Mzizi wa vyeti hivyo, yaani cheti mama kinachovithibitisha, ISRG Root X1, haumo kwenye Android iliyo chini ya 7.1.1. Zamani vifaa hivyo vilivuka kwa kuegemea mzizi mwingine wa zamani, na msaada huo ulikwisha Septemba 2024. Kwa hiyo tableti inaona cheti halali, ila aliyekitoa haimjui. Weka kivinjari cha Firefox, kina orodha yake chenyewe ya watoa vyeti wanaoaminika.

Kinachoniuma ni hilo onyo. Lingesema tu "kifaa hiki ni cha zamani, hakimtambui mtoa cheti", yule mama asingeondoka. Ila usibonyeze kuendelea kwa nguvu wakati mteja anaingiza nywila. Siku mwizi akikaa kweli katikati yako na tovuti, utaona maneno hayahaya.

MamaStesheni:
Firefox imefungua, fomu imekuja yote. Asante sana kaka. Nimempigia kijana kumwomba radhi, kesho anarudi kazini. Yule mama sina namba yake, nitaangalia faili la kijani likipita.