Mama na mita za mnyororo

Kikundi: UKOO WETU

Wiki ya kwanza, Jumapili

Dada: Jamani tumelala botini rasmi. Funguo za nyumba tumesharudisha. Nyumba sasa ndiyo hii 😂
Mama: Mmeamkaje?
Shemeji: Shikamoo Mama. Tumeamka salama kabisa.
Mama: Marahaba baba. Na hiyo boti haitikisiki?
Dada: Inatikisika Mama, ndiyo boti.
Shangazi: Tuma picha tulione jumba.
Dada: (picha 3)
Shangazi: Hii ya tatu ni kabati?
Dada: Ni chumba cha kulala Shangazi 😭
Kaka: Urefu wake?
Shemeji: Futi 33, shemeji. Mita 10 hivi. Ila upana wa kujinyoosha upo katikati tu, omo na tezi, yaani mbele na nyuma, kumebana. Kila mtu kaja na mkoba mmoja wa nguo na bado tunagombea ndoano.
Baba: Mko gatini au mmeshatoka?
Shemeji: Bado gatini Baba. Tunafunga kila kitu kwanza.
Mimi: Kufunga nini tena, si mmeshapanga?
Dada: Utaona.

Jumatano

Dada: Leo tumetoka peke yetu, bila mwalimu! Maili 18 za baharini kwa saa nne.
Kaka: Noti 4 na nusu, yaani maili za baharini kwa saa. Hiyo ni kama kilomita 8 kwa saa. Baiskeli inawapita 😂
Dada: Baiskeli haijaona mawimbi.
Mimi: Mbona shemeji kimya?
Dada: Kalala. Katapika mpaka nyongo.
Mama: Maskini!! Amekula nini?
Dada: Siyo chakula Mama. Alishuka chini kutafuta spana. Ukiwa kule ndani macho yanaona ukuta umetulia, lakini masikio yanauambia mwili kwamba unayumba. Wakishindwa kuelewana hao wawili, anayelipa ni tumbo.
Shangazi: Si kuna vidonge?
Dada: Vipo. Vinamezwa kabla ya kutoka. Bwana akasema yeye mwanaume wa bahari. Akaja kuvimeza baada ya kutapika mara ya pili, navyo vikatoka.
Dada: Kilichomsaidia ni usukani. Nimemkalisha hapo, nikamwambia asiangalie chochote ila ule mstari ambapo bahari inakutana na mbingu. Nusu saa akaanza kuongea kama mtu.
Shemeji: Nasikia kila kitu.
Dada: Na ile habari ya kufunga vitu, mdogo wangu: boti ikilala upande kabati linafunguka lenyewe. Sufuria, vikombe, kitabu cha ramani, kitunguu, vyote sakafuni. Kitunguu kimoja hatujakipata mpaka sasa.
Mimi: 😂😂😂

Jumamosi, saa 10 alfajiri

Dada: Mko macho?
Mama: Niko macho. Kuna nini
Dada: Tuko salama. Nianze na hilo. TUKO SALAMA.
Mama: Nini kimetokea
Dada: Tulitia nanga kwenye ghuba jana jioni. Saa tisa usiku simu ikapiga kelele, ile programu ya kengele ya nanga. Unaichorea duara kwenye ramani, boti ikitoka nje ya duara inalia. Nikadhani imekosea. Kutoka nje, boti ya jirani iliyokuwa mbali naona hadi kamba zake.
Shemeji: Upepo uligeuka ukaongezeka. Nanga ikawa inaburuzika. Nikawasha injini, yeye akaenda omo kuvuta mnyororo gizani, tukasogea tukatia upya. Dakika arobaini hivi.
Mama: Bwana asifiwe. Jirani mmemgonga?
Dada: Hapana Mama. Aliamka, akatumulikia tochi bila kusema neno. Aibu yake ni kubwa kuliko kugonga.
Baba: Nanga ni ndogo?
Shemeji: Nanga ni nzuri Baba. Kosa ni letu, la hesabu. Nitaeleza asubuhi, mikono inatetemeka.

Jumamosi, mchana

Shemeji: Sasa naeleza. Nanga haishiki kwa uzito wake tu. Inashika kwa sababu mnyororo umelala chini na kuivuta kwa ulalo, inajichimbia. Ukiivuta kuelekea juu inang'oka, na ndivyo sisi wenyewe tunavyoing'oa tukiondoka. Kwa hiyo mnyororo uwe mrefu, kwa kawaida mara tano ya kina, upepo ukiwa mkali hata mara saba.
Kaka: Mlitoa ngapi?
Shemeji: Kina kilikuwa mita 4. Nne mara tano, nikatoa 20. Nikajiona msomi.
Mama: Mlitia nanga maji yakiwa yamejaa au yamekupwa?
Shemeji: Yamekupwa Mama.
Mama: Si yalijaa usiku?
Shemeji: Yalijaa, mita 2 zaidi. Ndilo nililosahau.
Dada: Na amesahau jingine. Mnyororo hauanzii kwenye uso wa maji, unaanzia kwenye pua ya boti, mita 1 na nusu juu.
Kaka: 4 + 2 + 1.5 ni 7.5. Mara tano ni 37 na nusu.
Mama: Na nyinyi mlitoa 20.
Shemeji: Ndiyo Mama.
Mama: Hata mara tatu haijafika.
Shemeji: Ndiyo Mama.
Mimi: Shemeji kaitwa ofisini 😂
Mama: Mnyororo wote mnao mita ngapi?
Dada: 60.
Mama: Sasa mnaubakiza wa nini?

Wiki ya pili, Jumanne

Dada: Taarifa ya maji. Tangi ni lita 200. Tumelimaliza kwa siku nne.
Shangazi: Watu wawili? Mnafulia farasi?
Dada: Tulikuwa tunafungua bomba kama tupo nchi kavu. Sasa pampu ya umeme tumeizima, kuna ya kukanyaga kwa mguu. Kila lita unaisikia kwenye goti. Vyombo tunaosha kwa maji ya bahari, tunasuuza kwa kikombe kimoja cha maji matamu. Kuoga vilevile, unajirusha baharini na sabuni halafu unasuuza chumvi.
Kaka: Umeme je? Hapo ndipo ninapopataka.
Shemeji: Shemeji, jokofu ndilo adui. Taa zote ukiwasha hazifiki nusu yake. Betri ni za risasi na asidi, ukizishusha chini ya nusu mara kwa mara zinakufa mapema. Kwa hiyo asubuhi kabla ya salamu naangalia volti.
Dada: Kweli. Mimi naamka naambiwa "12.2".
Kaka: Hiyo ndiyo nusu yenyewe, zima jokofu mpaka jua litoke. Na upime zikiwa zimetulia, siyo wakati zinachajiwa, utajidanganya.
Shemeji: Nilijidanganya siku tatu.
Shangazi: Choo kikoje? Mmekwepa choo.
Dada: Shangazi!
Shangazi: Ndiyo swali ambalo kila mtu hapa anataka kuuliza.
Dada: Choo unakipiga pampu kwa mkono, kama ishirini hivi, vinginevyo kitu kinabaki kwenye bomba. Na sheria ni moja: hakiingii chochote ambacho hakijapita tumboni kwanza. Karatasi ina ndoo yake.
Shemeji: Sheria hiyo tuliiandika baada ya mimi kufungua lile bomba kwa mikono yangu miwili.
Mimi: Naomba tubadilishe mada.

Ijumaa

Dada: Nimenuna. Nipo omo. Yeye yupo tezi.
Mama: Mmegombana?
Dada: Mbele ya ghuba nzima! Tulikuwa tunatia nanga, mimi kwenye mnyororo, yeye kwenye usukani. Upepo unavuma, injini inanguruma, hasikii. Nikisema "rudi" anasikia "bado". Watu wametoka kwenye boti zao na vikombe vyao kututazama.
Shemeji: Alisema "bado".
Dada: NILISEMA RUDI
Shangazi: Hahahaha. Wazee walishasema, tezi na omo, marejeo ni ngamani, ndani tumboni mwa chombo. Boti yenyewe futi 33, utanuna hadi wapi?
Baba: Tumieni mikono. Anayeongoza lori lirudi nyuma huwa hapigi kelele.
Shemeji: Baba umesema kweli.
(saa mbili baadaye)
Dada: Tumekubaliana. Kidole mbele, nenda. Kidole gumba nyuma, rudi. Ngumi, simama. Kiganja chini, zima injini. Hakuna kufungua mdomo mpaka nanga imeshika.
Kaka: Na ukitaka kumtukana?
Dada: Ishara ya hiyo kila mmoja anayo moyoni.

Wiki ya tatu, Jumatatu

Kaka: Nataka kuja Jumamosi, mnakuwa wapi?
Dada: Kaka, tumejifunza kitu. Chagua siku au chagua mahali. Vyote viwili hapana.
Kaka: Maana yake?
Shemeji: Wiki iliyopita tulimwahidi rafiki kwamba Alhamisi saa nane tutakuwa gati fulani. Alhamisi upepo ukawa wa omo, mkali, na mawimbi mafupi. Bila ile ahadi tungekaa tulipokuwa. Tukatoka.
Dada: Tukawa tunabisha, yaani kukata mshazari dhidi ya upepo, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, saa sita, na ile minara ya pwani bado iko palepale. Na tanga kuu lilikuwa wazi lote. Boti imelala ubavu, maji yanapita juu ya ukingo wa sitaha, usukani unanishinda.
Baba: Kwa nini hamkupunguza tanga?
Dada: Tulikuwa tunajadili kama tupunguze 😔
Shemeji: Mwalimu alituambia: ukianza kujiuliza kama upunguze, umeshachelewa. Tulipopunguza hatimaye, boti ikasimama wima na mwendo haukupungua hata kidogo! Ule ulalo wote ulikuwa bure, tunajitesa tu.
Mama: Mliokoka?
Dada: Tuligeuka tukarudi tulikotoka Mama. Saa sita kwenda, saa moja na nusu kurudi na upepo wa tezi. Ilikuwa raha, bahari ikawa kama nyingine kabisa.
Kaka: Basi nachagua mahali. Siku mtaniambia.
Baba: Mkipatwa na jambo kweli, simu haina mtandao, mnamwita nani?
Shemeji: Redio ya VHF Baba. Chaneli 16 tunaisikiliza muda wote, na boti nyingine vilevile. Hatari ya maisha unasema Mayday mara tatu, jina la boti, ulipo, kilichotokea, mko wangapi. Tumebandika karatasi pembeni ya redio, maana ukiogopa hata jina la boti yako unalisahau.
Mama: Na injini ilivyozima juzi? Mdogo wenu kaniambia.
Dada: Mdogo wetu hana siri 😒 Haikuzima, tuliizima wenyewe. Kwenye ekzosi maji hayatoki, moshi mkavu tu. Feni ya mpira ndani ya pampu ya maji ya bahari, yale yanayopoza injini, ilikatika mabawa. Tulikuwa na ya akiba, saa moja ikaisha. Siku hizi kila nikiwasha injini nachungulia nyuma kwanza kama inatema maji.

Kaka: Mama usiogope. Kuna bwana Joshua Slocum, alizunguka dunia nzima peke yake kwa boti ya tanga, 1895 mpaka 1898. Wa kwanza kufanya hivyo. Na wanasema kuogelea hakujua.
Mama: Peke yake?
Kaka: Peke yake. Akafika salama.
Mama: Na baadaye akaishi vizuri na familia yake?
Kaka: ...
Mama: Nauliza.
Kaka: Tuendelee na mada nyingine.
Mimi: Nimeangalia. Alitoka tena na boti ileile miaka kadhaa baadaye, hakuonekana tena.
Mama: Asante mwanangu. Kaka yako aje hapa nimwone.

Wiki ya nne, Jumamosi jioni

Dada: (picha) Angalieni. Ghuba nzima tupo peke yetu. Maji yanaonekana hadi chini, nimeiona nanga ikijichimbia kwa macho yangu.
Shangazi: Hapo sasa nawaonea wivu.
Dada: Kimya kabisa. Na tumetia mara ya kwanza tu, bila kelele, kwa vidole. Tukarudi nyuma na injini mpaka mnyororo ukakaza, haikusogea.
Shemeji: Nahodha wangu amenyoosha ngumi, nikasimama. Ndoa imeokoka.
Mama: Kina?
Dada: Mita 5 Mama.
Mama: Mmetoa ngapi?
Dada: 35. Mara saba kabisa, tumejiongeza 😊
Mama: Maji yamejaa au yamekupwa?
Dada: Yamekupwa.
Mama: Yatapanda kiasi gani? Mbalamwezi ni kubwa, ni bamvua hilo, maji yanajaa sana.
Shemeji: Ngoja niangalie jedwali Mama. Mita 3.
Mama: 5 na 3 ni 8. Na pua 1 na nusu.
Kaka: 9.5. Mara tano, 47 na nusu.
Mimi: Mama yuko kazini.
Mama: Ongezeni 15. Mnazo 60.
Dada: Mama, upepo wenyewe hakuna...
Mama: Juzi ulikuwepo mlipolala?
(dakika kumi)
Shemeji: Tumeongeza Mama. Sasa 50. Na tumepima kwanza, nafasi ya kuzunguka inatosha.
Mama: Kengele?
Dada: Imewekwa, duara jipya.
Mama: Na ile taa nyeupe ya juu ya mlingoti, ya kuonyesha mmetia nanga?
Dada: Ipo.
Mama: Najua ipo. Mmeiwasha?
Dada: ...
Dada: Dakika moja.
Shemeji: Imewaka Mama. Usiku mwema.