Msaada wakuu: jedwali la Excel ndani ya Word halibadiliki hata nikibadilisha namba

Taipu_Usiku:
Habari zenu wakuu, naombeni msaada wa haraka maana hapa nilipo hata kukaa siwezi. Nina ripoti ya robo mwaka kwenye Word, kurasa arobaini na kitu, ndani kuna majedwali sita ambayo namba zake zinatoka Excel. Nilikopi nikapesti yakakaa vizuri tu. Sasa kuna namba zimebadilika, nimezirekebisha kule Excel, nikirudi Word ni zile zile za zamani, nimesevu, nimefunga, nimefungua, wapi. Hizi programu si ni ndugu, mbona haziongei? Halafu swali dogo la pembeni, mtu ukimtumia hiyo Word anaweza kuona vitu vya Excel ambavyo havimo kwenye jedwali lenyewe? Hilo nauliza tu.

FundiJedwali:
Pole mkuu. Ukipesti kawaida Word inachukua namba zilivyo kwa wakati huo, habari ya Excel inaishia hapo. Unachotaka wewe ni linki. Kopi kule Excel, njoo Word, fungua Paste Special, chagua Paste link halafu Microsoft Excel Worksheet Object. Kuanzia hapo ukibadilisha namba unarudi Word, Ctrl+A kisha F9, yote sita yanajisasisha. Ila jua linki inakumbuka njia nzima ya faili, kuanzia diski mpaka folda ya mwisho, kwa hiyo ukilihamisha lile la Excel au ukalibadilisha jina linki inakufa. Ikifa nenda File, Info, Edit Links to Files, uionyeshe lilipo. Alt+F9 inakuonyesha njia yenyewe ilivyoandikwa. Na kabla hujamtumia mtu wa nje, ikate kwa Ctrl+Shift+F9, la sivyo akifungua Word itamuuliza habari za faili ambalo yeye hana.

Kichwa_Ngumu:
F9 ni kama mlinzi wa zamu ya usiku, usipomgusa anaendelea kulala 😂

MamaHesabu:
Mimi ningemshauri ajifunze mail merge, ile ya kuunganisha orodha ya Excel na barua ya Word, hizo linki zitamtesa. Mwaka juzi nilikuwa na barua mia tatu za wateja, majina na madeni yote yako Excel, nikaunganisha na Word nikaona mambo si haya. Kule Excel deni limekaa vizuri 12,500.50, kwenye barua linatoka 12500.5, mengine yana mkia wa tisa tisa tisa mpaka mwisho wa mstari. Tarehe nazo mwezi uko mbele siku nyuma. Nililia. Kumbe Word inachukua namba tupu, haichukui ile fomati uliyoipamba kule, inabidi ufungue kile kisehemu kwa Alt+F9 uongeze \# "#,##0.00" kwa fedha na \@ "dd/MM/yyyy" kwa tarehe. Tangu hapo sichapishi kitu kabla sijakagua barua kumi za mwanzo na kumi za mwisho.

Taipu_Usiku:
Asante mama ila mimi sina barua, nina ripoti.

Shangazi_Karani:
Vijana mnaharakia kubofya kabla ya kuelewa. Haya mambo ya programu kupeana data hayakuanza jana, DDE ipo tangu 1987, OLE ikafuata 1990, na hilo jina OLE (Object Linking and Embedding) ndani yake lina vitu viwili: kulinki na kupachika. Ukilinki unaonyesha faili liliko. Ukipachika unalibeba faili zima unaliweka ndani ya Word, na shiti zake zote, hata kama linaloonekana ni jedwali moja. Sasa mwanangu, hilo swali lako "la pembeni" ndilo lililonifanya niache kazi zangu. Wewe ulilinki au ulipachika? Na hiyo ripoti imeshafika kwa nani?

Taipu_Usiku:
Shikamoo shangazi. Ni ripoti ya kawaida tu ya matumizi ya idara, tumalize kwanza la linki.

Shangazi_Karani:
Marahaba. Hujanijibu.

MamaHesabu:
Kweli hajajibu 👀

Taipu_Usiku:
Sawa. Nimeshaituma, jana jioni, kwa watu 60 hivi, tisa kati yao si wa ofisini kwetu. Faili la Excel lina shiti nyingine ya mishahara ya idara nzima kwa majina. Lakini NILIIFICHA, nilibofya Hide kabisa, kwa hiyo sidhani kama kuna tatizo kubwa. Asubuhi mwenzangu mmoja akaniuliza "hivi fulani anapata zaidi yangu?" ndipo nikaanza kutetemeka. Nimeshapanga, natuma toleo jipya lenye linki, nasema la kwanza lilikuwa na makosa ya tahajia walifute. Bosi siwezi kumwambia, nipo kwenye muda wa majaribio na hii kazi nimeitafuta miaka miwili. Msinihukumu tafadhali.

FundiJedwali:
Mkuu kuificha shiti si kuifunga. Ukibofya kitufe cha kulia kwenye vichupo vya chini, Unhide, imerudi. Agosti 2023 polisi wa Ireland Kaskazini walijibu ombi la taarifa kwa faili la Excel lililokuwa na data zilizofichika ndani, majina ya watumishi 9,483 yakakaa mtandaoni kwa saa kadhaa, faini pauni 750,000. Hawakudukuliwa na mtu. Na ukituma tena ukawaambia wafute, hata ambaye hakuwa amelifungua atalifungua sasa hivi.

Mpelelezi:
Ngojeni kwanza, mimi hapa naona chai. Mwanzoni kasema "nilikopi nikapesti". Ukipesti kawaida Word inatengeneza jedwali lake lenyewe, ndani hakuna shiti ya mishahara wala ya nini. Angekuwa amelinki, mtu wa nje asingefungua chochote maana faili liko kwenye kompyuta ya mleta uzi. Sasa huyo mwenzake kaonaje? Hadithi imetungwa hii, tunapotezewa muda.

Kichwa_Ngumu:
Duh, hapo umempata. Mleta uzi rudi utuelezee.

MamaHesabu:
Na mimi nilivyomhurumia jamani.

Taipu_Usiku:
Sijatunga. Nilisema nimepesti kwa sababu niliona ni kitu kile kile. Ukweli nilipitia Insert, Object, Create from File, nikachagua faili, na kile kiboksi cha Link to file sikukitiki kwa sababu sikujua kazi yake.

Mpelelezi:
Hapo sasa umeongea, nasamehe. Basi ndiyo maana namba hazibadiliki, Word ina kopi yake humo ndani haina habari na lile unalorekebisha. Tatizo lako la kwanza na la pili ni moja. Hakikisha hivi: chukua kopi ya ripoti, badilisha .docx iwe .zip, ifungue, ingia folda ya word halafu embeddings.

Taipu_Usiku:
Lipo. Microsoft_Excel_Worksheet.xlsx. Nimelifungua nikafanya Unhide. Mishahara yote, mpaka wa bosi.

Shangazi_Karani:
Basi mwambie leo hii, usingoje kesho. Watu wa IT wanaweza kuitoa ile imeili kwenye masanduku yote yaliyo kwenye seva ya ofisi hata kama imeshasomwa, wewe usitegemee Recall yako, ile ya kurudisha imeili uliyotuma, haiwafikii wa nje, na kwenye mifumo ya zamani inashika tu kwa ambao hawajafungua. Wale tisa wa nje inabidi waandikiwe na mwenye mamlaka. Na hao wenye mishahara yao wana haki ya kujua.

Taipu_Usiku:
Na akinifukuza shangazi?

Shangazi_Karani:
Anaweza. Lakini mwenzako ameshauliza habari za mshahara wa mtu, atafika kwa bosi kabla yako.

Taipu_Usiku:
Nimemwandikia, nimemweleza kila kitu mpaka cha zip. Kajibu "njoo". Naingia.

FundiJedwali:
Usiifute ile imeili kwenye Sent, IT wataitaka wajue ilifika kwa nani na saa ngapi.