VE (hati ya kumdhamini mgeni wa viza) ya shemeji anayekuja kuona nyumba za Freiburg

Mama Neema, Ulm:
Wakubwa shikamooni. Nimetoka ABH, ofisi ya wageni, sasa hivi, kichwa kinauma. Shemeji yangu ni fundi ujenzi Moshi, anafyatua matofali ya kufungamana ya udongo na saruji kidogo, anataka kuja kuona Vauban, kile kitongoji cha Freiburg. Dada wa dirishani kasoma mwaliko, kaona "kuongea na wasanifu", kasema hiyo siyo ziara ya kifamilia. VE haikupigwa muhuri. Niandike Besuch (matembezi) au Geschäft (biashara)? Termin, yaani miadi, nyingine mwezi ujao.

Baba Zawadi, Kassel:
Pole sana. Mimi kwa mama mkwe walitaka hati za mshahara, mkataba wa nyumba, hadi ukubwa wa sebule. Euro 29 nikalipa, halafu eti kipato hakitoshi! Wewe hakikisha bima ya matibabu ya safari ya euro 30,000, ya miezi mitatu.

Ex-Dar, Hamburg:
Usipotoshe watu. Kukaa ni siku 90 ndani ya siku 180, siyo miezi mitatu. Julai hadi mwisho wa Septemba ni siku 92, hapo keshapitiliza. Na VE inakwenda ubalozini orijino, siyo picha ya WhatsApp.

Dada wa Freiburg:
Karibuni kwetu. Vauban ilikuwa kambi ya jeshi la Ufaransa, walipoondoka 1992 watu wakajiunga vikundi wakajenga. Magari yanalala kwenye gereji za pembezoni, watoto wanacheza barabarani. Heliotrop, ile nyumba inayozunguka na jua, aitazame kwa nje tu, ni makazi ya mtu. Ila aguse madirisha ya Passivhaus, nyumba zinazotumia nishati kidogo sana: vioo vitatu, na mpira unaoziba upepo kabisa. Kupasha joto hakuzidi kWh 15 kwa mita ya mraba kwa mwaka.

Mzee wa Mkunazini, Berlin:
Moshi kuna theluji mlimani, siyo sebuleni! Kwetu Unguja ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa ni dhiraa nzima, dari boriti za mikoko. Unaingia saa saba mchana, unavua viatu, sakafu inakupoza nyayo. Siku hizi bati na vioo, halafu tunalilia AC. Wajerumani ndio waombe viza kuja kwetu.

Baba Zawadi:
Mzee, hayo matumbawe tukiyachimba yote samaki watakaa wapi? Serikali imezibana taasisi zinazopikia kuni na mkaa, sawa. Tanuri za matofali ya kuchoma zinameza magogo kila kijiji, nani kasema kitu?

Ex-Dar:
Hapa siyo bungeni.

Mama Neema:
Asanteni nyote. Lakini jamani, Besuch au Geschäft?

Dada wa Freiburg:
Shemeji akija aniletee dagaa wa Kigoma, nitamtembeza mwenyewe. Au forodhani watamnyang'anya?

Ex-Dar:
Samaki ruksa hadi kilo 20. Marufuku ni nyama na maziwa. Hili nalo tulishalijadili, someni barua za nyuma.