Ukoo Wetu: Wanyama Kabla ya Mvua

Jumanne

06:48 Zuhura: Habari za asubuhi ukoo. Mawingu yameanza kujikusanya. Mwaka jana tulisubiri mpaka mvua ikakolea ndipo tukaanza kuhangaika na kupe. Safari hii sitaki. Daktari wa mifugo amekubali kuja nyumbani kwa Mama Jumamosi, mradi tumkusanyie wanyama wa nyumba zote pamoja. Kila mwenye mbwa au paka aandike hapa ana wangapi, wana umri gani, na walichanjwa lini.

06:49 Zuhura: Kadi za chanjo zitafutwe leo, si Ijumaa usiku.

09:20 Zuhura: Naona mmesoma wote. Kuandika je?

09:31 Hamisi: Mimi nina mbwa mmoja na mke mmoja, wote wamechanjwa 😂

09:31 Bakari: 😂😂😂

09:32 Fatuma: Hamisi nimekuona.

09:32 Hamisi: 🏃🏾🏃🏾

09:40 Zuhura: Hamisi, kadi ya mbwa iko wapi?

09:58 Hamisi: Ipo dada. Mahali fulani.

10:02 Zuhura: Mahali fulani si jibu. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida huanza mtoto akifikisha wiki 12, inarudiwa baada ya mwaka, halafu daktari anakupangia kulingana na chanjo aliyotumia. Bila kadi tutaanza upya kama vile hajawahi kuchomwa.

10:15 Asha: Dada mimi paka watatu. Tabu ana mimba, sijui ahesabiwe au abaki. Ila wangu hawatoki nje, hao kupe na viroboto watawapata wapi?

10:21 Zuhura: Tabu aje, daktari amtazame tu, maana zipo chanjo asizotakiwa kupewa akiwa na mimba. Viroboto hawangoji paka atoke. Wanaingia na nguo zetu, na mbwa aliyepita mlangoni, na panya wanaokimbia mvua. Hao unaowaona mwilini ni wachache. Wengi wako kwenye zulia na chini ya kochi, mayai na mabuu, na wakishajifungia kwenye vifuko vyao dawa haiwapati, wanaweza kukaa humo miezi. Ndiyo maana unamtibu paka leo na baada ya wiki mbili anajikuna tena. Fua matandiko yake kwa maji ya moto, na wanyama wote wa nyumba watibiwe pamoja.

10:24 Asha: Basi si nina ile chupa aliyoniachia Kaka Idi, ya kudondoshea shingoni? Imebaki nusu. Niwagawie kidogo kidogo wakati tunasubiri Jumamosi.

10:24 Zuhura: ASHA USIIGUSE

10:25 Zuhura: Geuza chupa usome nyuma. Kuna neno permethrini?

10:29 Asha: Maandishi madogo haya. Ngoja nivae miwani.

10:30 Asha: Ndiyo, lipo. Na kuna picha ya mbwa.

10:33 Zuhura: Hiyo ni sumu kwa paka. Si suala la kipimo. Mwili wa paka hauwezi kuivunja kama wa mbwa, kwa hiyo hata robo ni nyingi. Anaanza kutoa mate, masikio yanachezacheza, anatetemeka mwili mzima, kisha degedege. Hata kulalia mbwa aliyepakwa muda huohuo kunaweza kumdhuru. Itoe humo ndani kabisa.

10:36 Fatuma: Kama ya Sultani.

10:52 Idi: Hayo mambo si yalikwisha?

10:53 Fatuma: Yalikwisha kwako shemeji.

10:55 Idi: Mimi nilisema dawa ni ya mbwa. Aliyempaka paka ni mimi?

11:01 Salma: Mjomba samahani, ulisema "paka ni mdogo, mpunguzieni tu". Nilikuwa nimemshika Sultani mimi.

11:03 Idi: *Ujumbe huu umefutwa*

11:03 Bakari: Mjomba tumeusoma 😅

11:04 Bakari: [picha: mbwa amevaa koti la mvua la njano]

11:04 Hamisi: Huyu anaenda kazini au anatoka 😂😂

11:05 Bakari: Anawahi mkutano wa Jumamosi

11:06 Zuhura: Bakari mwanangu, futa picha. Tunaongea jambo.

11:30 Salma: Mama mkubwa, nimemkuta mbwa wetu Simba na huyu ndani ya sikio. [picha]

11:34 Zuhura: Kupe jike, amejaa damu. Usimponde na vidole. Chukua kibano, mshike karibu kabisa na ngozi, pale mdomo ulipoingia, si tumboni. Vuta moja kwa moja, polepole, bila kunyonga, mpaka aachie. Halafu mtumbukize kwenye spiriti, nawa mikono, safisha sikio.

11:36 Hamisi: Baba alikuwa anawatia mafuta ya taa wanadondoka wenyewe.

11:39 Zuhura: Nakumbuka, na nakumbuka ngozi ya wale mbwa ilivyokuwa. Mafuta yanamuunguza mbwa, na kupe akisumbuliwa hivyo anaweza kutapikia ndani ya kidonda yale aliyonayo. Njiti ya kiberiti vilevile, hapana.

11:41 Zuhura: Salma angalia na kwapani, katikati ya vidole na chini ya mkia. Huwa hayuko peke yake. Kisha fungua mdomo uangalie fizi. Zikiwa nyeupe, au amekataa chakula, au mkojo umekuwa wa kahawia, hiyo inaweza kuwa homa ya kupe na haingoji Jumamosi.

11:58 Salma: Nimetoa wanne. Wawili walikuwa wadogo sana katikati ya vidole, nisingewaona kama hukusema. Fizi ni za waridi.

11:59 Zuhura: Vizuri mama. Kila jioni mvua zikianza, umpapase hivyo hivyo.

12:10 Zuhura: Idi, Chui unamleta?

12:47 Idi: Jumamosi sina nafasi. Na Chui hana tatizo, huyo ni mbwa aliyezoea shida. Miaka yote hajaugua.

12:50 Zuhura: Amewahi kuchanjwa hata mara moja?

13:15 Zuhura: Idi.

13:18 Salma: Kwani Juma mguu wake uliponaje? Si Chui alimng'ata Jumapili pale kwa Bibi?

13:18 Bakari: Juma alikuwa anamvuta mkia, mbwa kajitetea mahakamani 😂

13:19 Hamisi: Alimng'ata lini??

13:19 Zuhura: Jumapili ipi? Hii ya juzi?

13:20 Bakari: Wakili wa Chui anaomba kesi iahirishwe mpaka Jumamosi 😂😂

13:20 Zuhura: Bakari nyamaza. Fatuma, jeraha lilioshwa? Ngozi ilichanika?

13:26 Fatuma: Ni mkwaruzo wa jino tu kwenye kifundo. Damu ilitoka kidogo, nikafuta, nikampaka dawa ya vidonda.

13:27 Hamisi: Fatuma hukuniambia.

13:27 Fatuma: Ulikuwa safarini. Na sikutaka ionekane naanza tena na kaka yako.

13:30 Zuhura: Fatuma mdogo wangu sikiliza, nakuandikia taratibu. Kidogo au kingi ni sawa, jino la mbwa asiyechanjwa likishatoa damu hilo ni la hospitali. Oshea pale sasa hivi kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili kwa saa, hata kama zimepita siku mbili. Usikifunge kidonda. Kisha nendeni mkachome sindano leo. Kichaa kikishaonyesha dalili hakuna tiba, kwa mbwa wala kwa mtu. Kabla ya dalili, kinga ipo na inafanya kazi. Huo ndio muda tulio nao.

13:34 Idi: Mnamtisha mtoto wa watu. Chui mzima, anakula, amelala hapa mbele yangu.

13:37 Zuhura: Mbwa anaweza kuambukiza kupitia mate siku chache kabla hajaonyesha chochote. Kulala mbele yako leo hakuthibitishi kitu.

13:38 Hamisi: Kaka, mtoto ni wangu.

13:40 Idi: Na mbwa ni wangu. Kila kitu ni Idi. Paka ni Idi, mbwa ni Idi.

13:52 Simu ya Bibi: [ujumbe wa sauti 1:06]

13:55 Asha: Niko kazini siwezi kufungua sauti. Mtu aandike Mama kasema nini.

13:56 Fatuma: Mimi nimesikiliza. Siwezi kuandika.

14:03 Salma: Naandika mimi, nipo naye hapa. Bibi anasema:

"Idi mwanangu. Sultani alikufa mapajani pangu, usiku mzima akitetemeka, na wewe hukuja kuniambia neno. Sikukuuliza na leo sikuulizi. Lakini mtoto si paka. Mfunge mbwa sasa hivi, mahali watoto hawafiki, umpe maji na chakula, asipigwe wala asiuawe. Kisha uwashe gari uwapeleke Fatuma na Juma hospitali. Wewe mwenyewe, si mtu mwingine. Zuhura, punguza sauti, wamekusikia. Na nyinyi mnaocheka, chekeni jioni mtoto akirudi."

14:20 Idi: Nimesikia mama. Natoka sasa.

14:21 Hamisi: Fatuma mtoe Juma shuleni, mimi nawafuata hukohuko.

14:22 Bakari: Samahani Bibi.

16:05 Mama Rukia: Jamani nimeona sasa hivi, simu ilikuwa chaji. Poleni. Paka wangu anapiga chafya tangu jana, nimpe robo ya parasetamoli wakati tunamsubiri daktari?

16:06 Zuhura: Hapana dada, usimpe kabisa. Parasetamoli inaharibu damu ya paka, kidonge kimoja kinatosha kumuua na robo pia si salama. Mpanguse pua kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu, mweke pakavu, mpe chakula chenye harufu kali kwa sababu asiponusa hatakula. Akikaa siku nzima bila kula mpigie daktari.

16:09 Mama Rukia: Haya. Na Neema kwa vile ana mimba, Bakari amtoe yule paka nyumbani. Zamani tuliambiwa hivyo.

16:14 Bakari: Mama mkubwa, Neema kasema akitoka paka anatoka na yeye.

16:17 Zuhura: Hakuna anayetoka. Bakari ndiye atakayesafisha choo cha paka, kila siku bila kuruka. Mayai ya kile kimelea cha paka kinachoweza kumdhuru mtoto tumboni, toksoplasma, yakitoka kwenye kinyesi yanahitaji siku moja hadi tano ndipo yaweze kuambukiza, kwa hiyo ukitupa kila siku unayawahi. Paka asilishwe nyama mbichi. Neema akishika udongo wa bustani avae glavu, na nyama yake iive sawasawa.

16:18 Bakari: Kila siku?

16:18 Zuhura: Kila siku.

16:40 Zuhura: Nilisahau, na hili ni la nyumba zote. Mvua zikija panya wanaingia ndani na nyinyi mnatega sumu. Mbwa akiila, au akila panya aliyekufa kwayo, zile nyingi zinazozuia damu kuganda hazionyeshi kitu siku tatu nne za mwanzo, kisha anavuja damu. Ukishuku tu amekula, chukua pakiti ya sumu uende nayo kwa daktari, usisubiri dalili. Na msiwaache wanywe kwenye madimbwi. Mkojo wa panya unabeba homa ya mgunda, inayompata mbwa na mtu pia. Tutamuuliza daktari kama anayo chanjo yake.

17:02 Hamisi: Hiyo sumu iko nyuma ya jokofu kwangu. Nikirudi naitoa.

18:31 Fatuma: Tumetoka. Juma amechomwa sindano ya kwanza, kidonda kimeoshwa tena. Tumepewa kadi yenye tarehe za kurudi. Amelia kidogo. Shemeji alikaa naye ndani.

18:32 Asha: Alhamdulillah.

18:32 Zuhura: Hizo tarehe usiruke hata moja, piga picha kadi utume hapa tukukumbushe.

18:40 Mama Rukia: 🙏🏾🙏🏾

Jumatano

07:10 Zuhura: Nimeongea na daktari. Anasema Chui afungwe siku 10 kuanzia Jumapili aliyong'ata, aangaliwe kila siku. Asichanjwe kwanza mpaka ziishe, dalili zisije zikachanganywa na homa ya chanjo. Akibadilika hata kidogo, akikataa maji, sauti ikabadilika, mate yakamjaa, akaanza kuyumba au kung'ata vitu ovyo, mtu asimsogelee, apigiwe simu yeye. Siku 10 zikipita akiwa mzima atakuja kumchanja.

07:12 Zuhura: Maana yake atakuja mara mbili. Gharama ya safari ya pili tunagawana au ni ya mwenye mbwa?

08:45 Hamisi: Tugawane.

08:50 Fatuma: Aseme mwenye mbwa kwanza.

09:30 Zuhura: Idi?

11:17 Idi: Chui amefungwa nyuma ya banda, nimemwekea maji. Hayo mengine tutaongea nikija kwa Mama.

11:18 Zuhura: Unakuja Jumamosi basi?

12:05 Zuhura: Wengine: mpaka sasa nina Simba, mbwa wa Hamisi ambaye kadi haijaonekana, paka watatu wa Asha na paka wa Mama Rukia akipata nafuu. Bakari hajaandika wake. Paka waje kwenye vikapu vyenye vifuniko, mmoja mmoja, na kitambaa anacholalia. Mbwa waje na kamba, si kushikwa shingo.

12:20 Asha: Nina kikapu kimoja tu dada.

12:22 Bakari: Wangu mmoja, dume, miaka miwili. Kikapu ninacho ila mlango wake umevunjika.

12:31 Zuhura: Daktari anauliza saa tatu au saa tano. Mimi naona saa tatu, kabla jua halijawa kali. Simba ana pua fupi, akikaa juani kwenye foleni anahema mpaka anaanguka.

13:02 Hamisi: Saa tano. Asubuhi tuna Juma hospitali.

13:04 Mama Rukia: Saa tatu kwangu sawa.

13:40 Salma: Bibi anauliza nani atakayemshika paka wa Asha yule mweupe, maana mara ile alimkwaruza daktari.

14:15 Zuhura: Asha?