Naomba ushauri: sort inakatika njiani kwenye faili la GB 180

Wanajamvi, habari zenu. Nina faili la maandishi la GB 180 ambalo nahitaji kulipanga kwa safu ya pili kwenye seva ya Linux yenye RAM ya GB 16. Amri ya sort huenda vizuri kwa muda, kisha hukatika kwa ujumbe kwamba nafasi imekwisha, ingawa diski kuu ina zaidi ya TB 1 iliyo wazi.

Ninavyofahamu, sort haipakii faili zima kwenye kumbukumbu, bali hupanga kipande kimoja kimoja, hukiandika kama faili la muda ndani ya /tmp, kisha huviunganisha vyote. Na kwa kuwa /tmp ya seva hii ni tmpfs, yaani inakaa kwenye RAM yenyewe, nashuku kuwa hapo ndipo panapojaa. Chaguo la -T litahamishia mafaili hayo kwenye diski kuu. Je, kwa diski ya kuzunguka, kuongeza --compress-program=gzip (mafaili hayo ya muda yabanwe kwa gzip) kunaokoa muda, au kunaitwisha prosesa mzigo wa bure?

Linalonisumbua zaidi ni hili: nikitanguliza LC_ALL=C (mpangilio usiofuata kanuni za lugha yoyote) kazi huwa ya haraka sana, maana baiti hulinganishwa moja kwa moja, lakini faili la pili ninalotaka kuliunganisha kwa join (amri inayooanisha mistari ya mafaili mawili yenye ufunguo sawa) lilipangwa na mwenzangu kwa en_US.UTF-8, yaani kwa kanuni za Kiingereza cha Marekani, na join hulalamika kwamba mpangilio si sahihi. Ufunguo niliotumia ni -k2b,2, yaani safu ya pili pekee, bila kuhesabu nafasi tupu za mwanzo. Je, ni lazima nipange upya faili lake pia, au ipo njia nyepesi zaidi?