Silinda ya 3 imeshuka kompresheni. Ni ringi kweli?

BintiSpana:
Wakuu, heshima kwenu. Nina steshenwegoni ya zamani niliyoachiwa na baba: petroli, silinda nne, kabureta, tapeti za kuseti kwa skrubu. Ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, inatikisika kama ina homa, mlimani haivuti, asubuhi inasumbua kuwaka. Plagi mpya, waya mpya, kepu ya distributa mpya, hali ni ile ile. Nikaazima geji ya kompresheni, ya kupima mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, nikapima injini ikiwa ya moto:

1: psi 165
2: psi 160
3: psi 85
4: psi 162

Nikatia kijiko cha chai cha oili kwenye ya 3, ikafika 90. Moshi wa bluu hakuna, maji ya rejeta hayapungui. Fundi ameisikiliza kidogo tu akasema ringi za pistoni zimekwisha, tushushe injini. Kabla sijamkabidhi ufunguo nataka kusikia kwenu.

MzeeTapeti:
Binti, umekuja na namba, Mungu akubariki. Wengine huja na "gari haina nguvu" halafu tunaanza kupiga ramli. Kabla sijajibu: plagi ulitoa zote nne? Pedali ya mafuta ilikanyagwa mpaka chini? Koo la kabureta likiwa limefungwa injini haipati hewa ya kubana, geji inasoma chini kote. Na kwenye kabureta unakanyaga mara moja unashikilia. Ukipampu, petroli inamwagika ndani na kuosha oili kwenye kuta za silinda, namba zinaharibika.

BintiSpana:
Shikamoo mzee. Zote nne zilikuwa nje, waya wa koili nilichomoa, kaka alikanyaga akashikilia. Betri ilikuwa imechajiwa. Ya 3 nimeirudia, jibu halibadiliki.

MzeeTapeti:
Marahaba. Basi fundi wako ana haraka. Oili uliyotia huziba kwa muda pengo kati ya ringi na ukuta wa silinda. Ringi zingekuwa ndizo zinazovujisha, sindano ingeruka juu sana. Kwako imeongezeka 5 tu, kwa hiyo upepo unatorokea juu: vali au gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku. Gasketi ikiungua katikati ya silinda mbili huziangusha zote mbili, na majirani wa ya 3 ni wazima.

Mimi naishuku vali ya ekzosti, ile inayotoa moshi. Miaka inavyokwenda vali na siti yake (pale inapokalia ikifunga) hulika, shina la vali linapanda, uwazi wa tapeti, yaani nafasi ndogo juu ya shina hilo, unapungua hadi unakwisha. Vali ikishapata moto inarefuka na haikai tena kwenye siti. Sasa vali ya ekzosti hupoa hasa kwa kugusa siti. Isipoigusa, ukingo wake unaungua. Watu huogopa tapeti inayogonga. Mimi naogopa ile iliyonyamaza. Fungua kava ya juu injini ikiwa ya baridi, zungusha mpaka pistoni ya 3 ifike juu kabisa vali zote mbili zikiwa zimefunga, kisha ingiza fila, yale majani ya chuma ya kupimia uwazi.

Mtaalamu_wa_Gereji:
Mzee, kwa heshima, gasketi inaweza kupasuka kuelekea njia ya maji na kuangusha silinda moja peke yake. Dada, piga upepo wa kompresa kupitia tundu la plagi, pistoni ikiwa juu, gia ndani na breki ya mkono ili injini isizunguke. Ukisikia mlio kwenye bomba la moshi ni ekzosti, kwenye kabureta ni vali ya inteki, inayoingiza hewa, kwenye mdomo wa kutilia oili ni ringi. Mapovu kwenye rejeta, gasketi.

MzeeTapeti:
Sina ubishi. Fila aianze kwa sababu haihitaji kompresa.

BintiSpana:
Ekzosti ya 3 haikuingiza hata jani jembamba kuliko yote! Nyingine ziko ndani ya kipimo. Nimeiseti kwa kipimo cha kitabu, kompresheni imefika 115. Upepo nao nimepiga: unavuma kwenye bomba la moshi.

MzeeTapeti:
Imepanda lakini haijafika, maana yake ukingo umeshaungua. Hedi itoke, injini ibaki ndani ya gari. Vali hiyo inunuliwe mpya, usikubali isagwe ikiwa imemeguka. Nyingine zisagwe, siti zikaguliwe, sili za vali zibadilishwe, na hedi ipimwe kwa rula ya chuma kama imepinda. Kabla ya kufunga, amimine petroli kwenye matundu ya ekzosti mbele yako; ikichuruzika kupitia vali, kazi haijaisha. Na aweke alama kwenye cheni ya taimingi kabla ya kuigusa.

Hedi ikiwa nje, tazama ukuta wa silinda ya 3 kwa tochi. Kama hauna michirizi, ringi ziachwe.

BintiSpana:
Asante mzee. Fundi ameona picha ya fila, amekubali kufungua hedi tu. Bolti za hedi zinarudi zile zile?

MzeeTapeti:
Inategemea kitabu cha injini yako. Kikisema zinakazwa kwa nyuzi za pembe baada ya toki (nguvu ya kukaza), bolti za namna hiyo kwa kawaida hunyooka, nunua mpya. Kikitaja toki peke yake, safisha meno yake, kagua, rudisha. Aanze kukaza katikati akielekea pembeni, kwa awamu.